Kabla ya Dripu ya Kwanza, Mtazameni Mgonjwa Kinywani: Barua ya Wazi kwa Mawaziri wa Afya wa Kaunti 14 za Ukanda wa Ziwa

Waheshimiwa,

Kutoka mlango wa kliniki ya saratani hadi mlango wa kliniki ya meno ni hatua 214. Nimezihesabu mwenyewe, kwa mwendo wa mzee wa miaka 68 mwenye mgongo mbovu, pamoja na kuuzunguka ule mtaro ulio mbele ya dirisha la dawa. Hospitali yenyewe sitaitaja. Sitaki kijana wa watu afukuzwe kazi kwa ajili yangu, na isitoshe wauguzi wa pale bado nawahitaji wanitafutie mshipa. Lakini hizo hatua 214, ambazo hakuna faili wala swali linalozivuka, ndizo zilizonila kipande cha taya.

Nawaandikia nyinyi kwa sababu afya iligatuliwa na hospitali za rufaa za kaunti ziko mikononi mwenu. Wasimamizi wa hospitali hizo nao wasome, barua ni yao pia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Machi 2022 mgongo ulianza kuniuma, nikausingizia ubao, kwamba ni ile miaka 31 ya kuandika nikiwa nimejipinda. Kumbe ni saratani ya tezi dume, na ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye uti wa mgongo na nyonga. Mnajua kwamba hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Kenya, kwa hiyo sitawachosha na habari ya jinsi nilivyoipata. Nilianzishiwa sindano ya tumboni ya kila miezi mitatu, ya kuzima homoni za kiume, na Juni mwaka huohuo nikaanza dripu ya mifupa: asidi ya zoledroniki, miligramu 4, kila mwezi. Unakaa kwenye kiti kama robo saa hivi, unaondoka.

Dripu hiyo ni dawa njema. Nalisema hili mapema, maana najua kuna mgonjwa atakayesoma barua hii nusu halafu aikimbie. Saratani hula mfupa, na kuzima homoni nako huudhoofisha, hata mtu akavunjika nyonga kwa kujikwaa tu kwenye kizingiti. Mimi sijavunjika mahali. Kwa hilo nashukuru.

Ila siku ile ya kwanza nilipimwa uzito, presha, damu, na figo nazo zikaangaliwa. Hakuna aliyeniambia nifungue mdomo.

Laiti ningeambiwa, wangeliona gego langu la chini kushoto, la pili kutoka mwisho. Lilikuwa na tundu la miaka. Nilikuwa nalituliza kwa karafuu na kutafunia upande wa pili, kama nusu ya wanaume wa rika langu wanavyofanya. Mtu aliyekulia kwenye miwa, akiimenya kwa meno tangu utotoni, hahesabu tundu moja kuwa ugonjwa.

Februari 2024 jino lilianza kunikesha. Nilikuwa nimekwisha kupata dripu 20. Nikazivuka zile hatua 214.

Niliyemkuta alikuwa kijana mwenye adabu sana. Alinikalisha, akaniuliza maswali aliyofundishwa: "Mwalimu, una sukari? Presha? Unatumia dawa za kuyeyusha damu? Penisilini inakudhuru?" Nikajibu yote. Kisha mwenyewe, bila kuulizwa, nikamwambia nina saratani ya tezi dume na ninahudhuria kliniki hapo juu. Akasema, "Pole sana, Mwalimu. Lakini hiyo ni ya chini. Sisi hapa tunashughulika na huku juu."

Tukacheka wote wawili. Ninamkumbuka bila kinyongo, kwa sababu mimi pia niliona ni jambo la kuchekesha. Ganzi, koleo, dakika kumi, pamba. "Uma hapo, usitemetemee, kesho utakuwa sawa."

Babu yangu aling'olewa meno sita ya mbele, ya chini, bila ganzi, na janak, mng'oa meno wa kijiji, kama walivyong'olewa vijana wa Kiluo wa enzi zake ili wahesabiwe watu wazima. Meno sita kwa mkupuo mmoja, na fizi zilifunga. Alikula samaki na kuon, yaani ugali, mpaka alipokufa. Mimi niling'olewa moja, kwa vifaa vilivyochemshwa, na kidonda kilichukua miezi 14.

Ulimi hauachi kupeleleza. Wiki ya tatu ulinipa taarifa kwamba mle shimoni mna kitu kigumu, kikavu, chenye kukwaruza kama ukingo wa kikombe cha kauri kilichobanduka. Mke wangu alinimulika kwa tochi ya simu. "Japuonj," akasema, "hapa pana kitu cheupe." Tulidhani ni kisiki cha jino kilichobakizwa. Ulikuwa mfupa wa taya, uko wazi kama jiwe lililooshwa na mvua.

Nilirudi. Nikapewa dawa za kuua vijidudu, nikazimaliza. Nikarudi, nikapewa nyingine. Mara ya tatu, mahali pengine, mtu akaamua kukwangua kidonda "ili kitoe damu mpya", na toka siku hiyo mambo yakawa mabaya zaidi. Usaha ukaanza. Mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye bado hajajifunza kusema uongo wa heshima, aliniambia, "Kwaro, mdomo wako unanuka samaki wa jana." Akahamia upande mwingine wa kochi. Halafu mdomo wa chini, upande wa kushoto, ukafa ganzi. Mniruhusu nilalamike kidogo kama mwalimu wa lugha: p, b, m, f na v zote zinautaka mdomo wa chini. Nilikuwa nikisoma tangazo kanisani, "mabibi na mabwana" ikatoka kama mtu anayeongea na kijiko mdomoni. Uji ulikuwa ukinichuruzika kwenye shati nami sina habari mpaka nione watu wanaangalia pembeni.

Agosti 2024 ndipo nilipofikishwa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, uso na taya. Hakuanza kwa kutazama jino. Aliniuliza, "Mwalimu, kuna dripu yoyote ya mifupa uliyowahi kuwekewa?"

Nikamwambia, "Ishirini."

Akakiweka kioo chake mezani.

Alinieleza hivi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa. Mfupa haukai kama jiwe la msingi. Ndani yake kuna mafundi wa kubomoa na mafundi wa kujenga, na kazi haisimami. Dripu ile huwalaza mafundi wa kubomoa, ili saratani isipate wa kuifungulia njia. Ni sawa kwa nyonga. Lakini mifupa ya taya hufanyiwa ukarabati kwa kasi kuliko mingi mingine, na shimo la jino linapobaki wazi linahitaji wabomoaji wa kusafisha kingo kabla ya wajenzi kuanza. Wabomoaji wamelala. Vijidudu vya kinywa havilali. Mfupa unakufa palepale ulipo. Ukikaa wazi zaidi ya wiki nane kwa mtu aliyepata dawa hizo, na ambaye taya lake halijawahi kupigwa mionzi, ugonjwa huo una jina lake: kufa kwa mfupa wa taya kutokana na dawa. Taya la chini ndilo linaloathirika zaidi, na kinachouchokoza mara nyingi ni hichohicho nilichofanyiwa, kung'olewa jino. Nikamwuliza kama ningeiacha dripu mwezi mmoja kabla ya kung'oa ingesaidia. Akatikisa kichwa. Dawa hii hujificha mfupani kwa miaka.

Sasa, Waheshimiwa, haya si mambo ya kugunduliwa jana. Marekani iliidhinisha dawa hii kwa saratani ya tezi dume iliyofika mifupani mwaka 2002. Mwaka uliofuata tu, 2003, daktari wa upasuaji wa taya huko Miami, Robert Marx, alichapisha onyo kuhusu wagonjwa 36 ambao mifupa ya taya ilikuwa wazi. Na hata hao hawakuwa wa kwanza duniani kuozewa na taya. Katika karne ya 19 wafanyakazi wa viwanda vya viberiti huko Ulaya walioza mataya kwa fosforasi nyeupe, hadi mkataba wa Bern wa 1906 ulipoipiga marufuku. Mimi niling'olewa jino mwaka 2024. Habari ilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuzivuka hatua 214, na ilikuwa haijafika.

Kuna siku niliyoithibitisha kwa macho yangu. Nilikuwa kliniki ya saratani kwa sindano yangu (dripu nilikuwa nimesimamishiwa), na mzee wa kiti cha jirani alikuwa anawekewa ile ile. Muuguzi alipofungua pakiti akaitupa kwenye pipa la karatasi. Nikamwomba aniokotee. Akanitazama kama mtu anayeomba maganda ya ndizi, lakini akanipa. Ndani mlikuwa na karatasi ya maelezo imekunjwa ikawa ndogo kama mwakenya, kile kikaratasi cha kuibia mtihani, na maandishi yake madogo kama ya mwakenya pia. Katika miaka 31 nilikamata nyingi, nazijua. Nilivaa miwani nikaanza kuisoma. Imo. Inasema mgonjwa atazamwe meno kabla ya kuanza dawa, na akishaanza aepushwe upasuaji wa kinywa kadiri inavyowezekana. Yaani ile karatasi ilikuwa imeingia kwenye chumba kile mara 20 kwa ajili yangu peke yangu, na mara 20 ikaishia pipani.

Nikamwonyesha muuguzi. Akasoma, akanyamaza, kisha akamgeukia yule mzee wa kiti cha jirani. "Jaduong', meno yako yako vipi?" Mzee akacheka, akafungua kinywa. Nisiseme tulichokiona.

Novemba 2024 nilipasuliwa. Wakati huo bima ya afya ya taifa, NHIF, ilikuwa imekwisha kuwa SHA, kwa hiyo kabla ya taya kulikuwa na kujisajili upya, lakini hilo kila mtu amelipitia. Niliuza ng'ombe mmoja kwa yale yaliyobaki. Nataka wagonjwa wenzangu wajue kwamba kupasuliwa kinywa ukiwa na saratani hii si kulala mezani tu. Wakati huo nilikuwa nimehamia kwenye vidonge vya saratani viitwavyo abirateroni, ambavyo humezwa pamoja na predinisoloni, na daktari wa nusu kaputi alitaka kujua hilo kuliko alivyotaka kujua jina langu. Mwili uliozoea predinisoloni huacha kujitengenezea homoni yake ya aina hiyo. Ukipasuliwa bila kuongezewa, presha inaweza kuporomoka mezani. Nikaambiwa nisiache kumeza asubuhi ya upasuaji, nikaongezewa nyingine kwenye mshipa. Wenzetu walio kwenye kemo nao wana hesabu yao: kati ya dozi na dozi kuna siku ambazo chembe nyeupe za damu ziko chini kabisa, na siku hizo koleo likae mbali, isipokuwa kwa dharura. Hayo yote yanataka daktari wa saratani na daktari wa meno waongee. Kwa simu inatosha.

Kilichotolewa kilikuwa kipande cha mfupa, rangi ya meno ya mvuta sigara, ukubwa wa punje mbili za kunde. Kilipelekwa maabara. Hapo ndipo nilipogundua kwamba daktari alikuwa na hofu ya pili ambayo hakunieleza: saratani ya tezi dume huweza kuhamia hata kwenye taya, na ule ganzi wa mdomo ungeweza kuwa ndiyo dalili yake. Wiki tatu za kungoja majibu zilikuwa ndefu kuliko miezi tisa ya kidonda. Majibu yakaja: mfupa mfu na vijidudu. Sikuwahi kufikiria kwamba siku moja nitamshukuru Mungu kwa mfupa mfu.

Fizi zilifunga Aprili 2025. Ganzi imebaki kidogo pembeni mwa mdomo. Nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, siwezi tena, mahindi ya kuchoma nayatazama tu, ila samaki tunaelewana.

Ninachoomba ni kidogo, nacho ni kwamba dripu ya kwanza ya mifupa isitundikwe kabla kinywa hakijatazamwa na mtu wa meno. Lile gego langu lingeng'olewa Mei 2022, wiki mbili tatu fizi zikafunga, halafu dripu ikaanza Juni kama ilivyoanza. Pale ambapo mifupa haiwezi kungoja, daktari wa saratani aamue, lakini aamue akijua. Naomba mtu wa meno awepo siku ya kliniki ya saratani, hata kwa saa mbili, ili mgonjwa aliyetoka Mbita au Budalang'i tangu alfajiri asiambiwe arudi Alhamisi kupanga foleni nyingine. Na kule kwenye meno, baada ya lile swali la sukari na presha, liongezwe moja: "Umewahi kupewa dawa ya mifupa, ya dripu au ya sindano?" Nasema sindano kwa sababu ipo nyingine, denosumabu, ya kuchomwa chini ya ngozi, na mgonjwa anaweza kudhani ni ile ile ya homoni.

Tafadhali msilielewe ombi hili kinyume. Mwaka huu mzee mmoja wa Siaya, tunayekutana kliniki, alifukuzwa kwenye chumba cha meno mara tu alipotaja saratani. "Sisi hatugusi wagonjwa wa saratani." Yeye yuko kwenye sindano ya homoni tu, hajawahi kuonja dripu ya mifupa, na sindano ya homoni peke yake haimzuii mtu kung'olewa jino. Alikaa na jipu la jino wiki tano. Kumbe habari yangu ilikuwa imevuka zile hatua 214, lakini imevuka kama uvumi. Hata aliye kwenye dripu hapaswi kuachwa na jino linalooza, maana uozo wenyewe huchokoza ugonjwa huohuo. Yako mambo yanayofanyika bila kung'oa: kuziba, kutibu mzizi, kusafisha fizi. Na ikilazimu kung'oa, ing'olewe kwa uangalifu na anayejua anachokabili. Wengi watapona bila shida. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani wanaopewa dawa hizi, wanaopatwa na yaliyonipata hawafiki watano. Ni wachache, ila mmoja wao ni mimi.

Jambo jingine ni la wakubwa wenu wa dawa kuliko lenu, nami nalitaja tu. Utafiti wa Marekani wa wagonjwa 1,822, wakiwemo wa tezi dume, uliochapishwa 2017, ulionyesha kwamba dripu ya kila wiki 12 ilikinga mifupa sawasawa na ya kila wiki 4. Si mimi wa kupanga dozi ya mtu. Lakini nikipiga hesabu ya nauli, na ya viti vya kliniki vinavyojaa kabla ya saa mbili asubuhi, naona ni swali ambalo madaktari wenu wa saratani wanastahili kuulizwa mezani.

Najua jibu litakaloanza: bajeti. Basi mniruhusu niwaondolee sehemu yake. Wiki iliyopita nilikwenda kwa wachonga mihuri mjini Kisumu, nikachongesha mmoja wa mpira. Umeandikwa MENO YAMETAZAMWA, chini pana nafasi ya tarehe na sahihi. Unagongwa kwenye faili, ukurasa wa kwanza, juu ya ile karatasi ya dripu. Miadi yangu ni Jumanne. Nitauacha kwa muuguzi msimamizi pamoja na kidau cha wino wa buluu, naye ameniambia wazi kwamba hawezi kuutumia bila barua kutoka juu.

Wenu,

Mwalimu mstaafu,
Kisumu